Sura ya Nne

Karatasi imebandikwa karibu na ofisi ya msajili,
wino umefifia kwa ukungu ushukao Loleza asubuhi:
mihula sita, kozi thelathini na nane,
wiki nane za mafunzo kwa vitendo,
utafiti mmoja, sura tano,
ada isiyodaiwa hata senti,
kisha fomu ya kuondoka yenye visanduku tisa
na kila kisanduku kinasubiri saini ya mtu aliyeenda chai.

Niliisoma kama mtu asomaye bei ya mbolea.

Mafunzo nilifanyia Tukuyu, halmashauri.
Wiki ya kwanza nilipiga muhuri. Ya pili nilipiga muhuri.
Ya tatu mhasibu, mzee Mwaisumo, akanipa hati za malipo nizipange kwa tarehe,
akasema: fedha, binti, haipotei, hubadilisha jina tu.
Nikacheka. Kwenye daftari la kila siku nikaandika:
"Leo nimejifunza kupanga hati."

Sapu nilipata moja, ya Takwimu.
Niliirudia Septemba, bweni tupu,
mwenzangu wa chumba amerudi kwao Makete na blanketi letu.

Ila utafiti ndio ulionitoa jasho kwenye baridi.
Dakta Mwalyego aliirudisha sura ya nne mara tatu,
wino mwekundu: "Data ziko wapi? Hizi ni hisia."
Basi nikaenda nyumbani, Ntokela,
kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa:
sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu,
na kauntabuku moja iliyovimba kwa unyevu.

Bi Ngwisa, mweka hazina, alikuwa akimenya viazi.
Akafuta mikono kwenye kanga. "Soma. Si wewe ndiye msomi wetu?"

Nikasoma. Jina, kiasi, riba, madhumuni.
Anyosisye: mbolea.
Tumwitike: mabati.
Ukurasa wa kumi na moja, jina la mama.
Laki nne. Madhumuni: ng'ombe.
Ukurasa wa ishirini na tatu, mama tena.
Laki tatu na nusu. Matibabu ya ng'ombe.
Ukurasa wa arobaini: kupanua banda la ng'ombe.

Kwetu hakuna ng'ombe.
Hajawahi kuwepo. Tuna kuku wanne
na paka ambaye hatukumpa jina.

Nikatazama tarehe. Oktoba. Machi. Oktoba.
Nikatoa stakabadhi za ada mkobani,
nikazilaza kando ya kauntabuku
kama tulivyofundishwa kusuluhisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki.
Zikalingana.
Tofauti ni siku mbili tatu, muda wa basi na foleni.

"Kikundi hakikopeshi ada," Bi Ngwisa alisema, macho kwenye kisu.
"Mtoto hana dhamana. Ng'ombe anayo."
Ganda likatoka refu, bila kukatika.
"Tulijua sote. Kamati ilikuja hata kumkagua.
Ulikuwa likizo. Ulitupikia chai."

Jioni mama akaniuliza kama nimekipata nilichokifuata.
Nimekipata, nikasema.
"Haya, kula, viazi vinapoa."

Sura ya nne nimeiandika upya.
Jedwali la pili, safu ya madhumuni:
kilimo asilimia arobaini na moja, ujenzi ishirini na sita,
mifugo tisa.
Kwenye ile tisa nilikaa usiku mzima.
Dakta hakuigusa. Kaandika pembeni: "Sasa naona data."

Visanduku vinane vimejaa. Cha tisa leo.
Chini kabisa, fomu inauliza mdhamini wa masomo.
Nimeandika jina la mama, yote matatu.
Inauliza kazi yake.
Karani anagonga dirisha, nyuma yangu foleni inakohoa,
nami naandika, kwa herufi kubwa zinazosomeka:

MFUGAJI.