Sababu ya Kusimama

Ngazi za kreni namba saba ni mia mbili na kumi na mbili.
Nimezihesabu kwa magoti, si kwa macho.
Juu kule kuna kibanda cha vioo, na kiti kilichopimwa
kwa mgongo wa mwanamume nisiyemjua.
Ili nifikie pedali naketi ukingoni,
kama mgeni aliyekaribishwa nusu.

Wenzangu wana chupa. Costică ana yake, ya bluu,
huitundika nyuma ya mlango bila haya.
Mimi nina hesabu:
chai nusu kikombe saa kumi alfajiri,
kisha koo kavu hadi saa sita mchana.
Daktari wa figo, pale Constanța mjini, aliniuliza,
"Mama, kwani kazini kwenu hakuna maji?"
Maji yapo, daktari.
Bahari Nyeusi nzima iko chini yangu.

Na mwaka huu mwili umeanza mambo yake.
Joto hunipanda kifuani katikati ya Januari,
kioo kinaingia ukungu, nakifuta kwa kiganja,
na huku mkono wa kushoto umeshika tani thelathini
juu ya vichwa vya watu wenye watoto.
Nimwambie nani? Fomu ya afya ina visanduku vyake:
mgongo, macho, masikio, pombe.

Răzvan nilimfundisha mimi.
Niliweka mkono wangu juu ya wake
mpaka kontena likaacha kuyumba.
Sasa ndiye msimamizi. Siku moja alisahau
hati yake ya mshahara kwenye mashine ya kahawa,
nikaisoma jinsi mke anavyosoma
barua ambayo hakuandikiwa yeye.
Ilikuwa na mstari mmoja zaidi kuliko yangu:
posho ya uwajibikaji.
Miaka ishirini na mitatu sijaangusha hata boksi la machungwa.
Kumbe huko hakukuwa kuwajibika.

Alhamisi ile meli ilikuwa imechelewa,
redio ikiwaka: "Zamfira, muda! Zamfira, muda!"
Nikalishusha kontena, likagusa lori bila lori kujua.
Nikazima mtambo.
Nikateremka, mia mbili na kumi na mbili,
upepo ukiipigania kofia yangu.
Meli ikangoja. Nahodha akangoja. Malori kumi na tisa
yakanguruma, yakachoka, yakanyamaza.
Nikanawa mikono kwa sabuni.
Nikanywa maji, glasi mbili, polepole,
kisha nikaongeza ya tatu, kwa uchokozi tu.

Dakika ishirini na sita.
Răzvan akaniletea daftari la zamu, macho yake kwenye viatu.
"Andika hitilafu ya umeme," akanong'ona. "Tusiaibike."
Tusiaibike sisi nani?
Kwenye safu ya Sababu ya Kusimama
nikaandika kwa herufi kubwa, HAJA NDOGO,
nikatia sahihi.

Walinikata mshahara wa siku moja.
Choo cha juu hakijajengwa; upo mchoro, wanasema,
na mchoro una kamati.
Lakini Jumatatu nilifungua daftari la kreni namba nne,
ya Denisa, binti wa miaka ishirini na minne
ambaye jina lake wengi bado hulikosea,
nikakuta mwandiko wa mviringo, wino wa zambarau:
haja ndogo, dakika ishirini na mbili.

Amenishinda kwa dakika nne.
Ni yale magoti, bado mapya.