Y Ni Msumbufu Asubuhi

Tulipoifungua ubavu kwa bisibisi ya nyota
yalianguka mayai matatu ya mjusi, makavu,
na vumbi la rangi ya chai.
Huu ndio ubongo, akasema Shekiondo,
akaupuliza.

Mashine ya kuchonga chuma, ya kukaa mezani,
kimo chake kama cherehani iliyonenepa.
Tuliipata mnadani, chuo kilipouza vya zamani,
kwa bei ya mbuzi wawili na mkokoteni
hadi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
ambako mwenye nyumba aliuliza inasaga nini,
nikamjibu: bado haijasema.

Ndani ya kifuniko, kipande cha plasta,
mwandiko wa penseli, umelala kulia:
«Y ni msumbufu asubuhi. Mpe dakika kumi. Kihiyo.»
Tukacheka.
Tukasema, hiyo ni akili ya zamani, tunaitoa.

Na kweli ilikuwa imeliwa.
Chumvi ya Tanga haina haraka:
huanza na miguu ya chipu, kijani kidogo, kijani zaidi,
mpaka amri inatoka huku, kule haifiki.
Diski zake pana, za kukunjika,
hakuna kompyuta mjini iliyobaki na mdomo wa kuzila.

Mota zilikuwa hai.
Ukizungusha mhimili kwa mkono unasikia
tik, tik, tik,
kama mtu anayevuta tasbihi gizani.
Hatua mia mbili kwa mzunguko. Nilihesabu mara mbili
maana ya kwanza mtoto wa jirani alikuja kuomba kiberiti.

Basi tukang'oa ubongo na mishipa yake,
tukabakiza mifupa na misuli.
Bodi mpya ni ndogo kuliko kiganja.
Programu ni ya bure, ila bando si la bure:
ilikatika mara tatu kwenye asilimia tisini.
Shekiondo akalehemu, mimi tochi menoni,
waya mwekundu, waya mweusi, na ule wa manjano
ambao hatujakubaliana hadi leo.

Tuliiambia nenda kulia, ikaenda kushoto.
Tukabadilishana jozi moja ya waya; ikatii.
Tukaiomba milimita mia,
ikatupa mia na moja na ushei.
Tukapima kwa vernia. Tukailaumu vernia.
Ushei ule ulitula wiki nzima,
hadi usiku mmoja nikaketi kitandani, wima:
skrubu hii ni ya inchi!
Haikukosea. Ilikuwa ikijibu kwa lugha ya kwao.
Nikapiga hesabu upya, desimali nne.
Mia ikawa mia.

Halafu kuna jambo la nyumbani.
Mashine hii haijui ilipo.
Umeme ukikatika, na umeme wetu mnaujua,
husahau yote. Ukirudi, hutambaa
hadi iguse swichi ya konani,
irudi nyuma kidogo, iguse tena, taratibu:
hapo ndipo sifuri,
pengine pote hupimwa kutoka hapo.
Shekiondo hutoka kuvuta sigara.
Mimi hubaki natazama.

Kazi ya kwanza: gia ya cherehani ya Bi Mwanakheri,
shaba ya njano, meno ishirini na manne.
Tulianza saa moja asubuhi, baridi ya Julai.
Jino la tatu lilitoka nene.
La nne likatoka nene.
Y alikuwa akisita, akivuta pumzi, akiruka hatua.
Tuliangalia waya. Tuliangalia programu.
Kisha tukaangalia kifuniko,
hatukutazamana.

Grisi nzito, reli za zamani: kuna mtu alishalijua hili
kwa vidole vyake, kabla bodi hii haijabuniwa.

Nikafungua faili, juu kabisa,
kwenye mstari ambao mashine huuruka
kwa kuwa ni maneno ya watu tu,
nikanakili yote, hata nukta,
hata jina lake.

Kisha tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa.
Y alikwenda na kurudi, mtupu, bila kukata kitu.
Shekiondo akatazama saa.
Bado saba.