Ukurasa wa Themanini na Nane

Umeme umekatika tangu saa moja,
jenereta ya duka la Papa Kyungu inakohoa ng'ambo ya njia,
nami nina tochi, penseli,
na kitabu cha mtu ninayemjua kwa mwendo wa viatu.

Mhariri anataka maneno mia sita ifikapo Ijumaa.
"Sema kama ni kizuri," amesema. "Basi."

Kisula wa Ngoy, fundi wa tanuri miaka thelathini na mmoja,
aliandika maisha yake kwa mkono, kwenye madaftari ya shule,
na binti yake akayapiga chapa huko Kamalondo,
jalada rangi ya shaba iliyosahauliwa mvuani.

Kurasa za tanuri ni nzuri. Naziwekea alama.
Anajua jasho linavyokauka na kuacha chumvi kwenye kola,
anajua jina la kila mlio wa mashine,
anasema dohani ile ndefu ilikuwa saa ya mji:
moshi ukiegemea Katuba, akina mama walianua nguo.
Mtu asiyeipenda kazi hawezi kuandika hivyo.
(Nafuta mstari huu. Sijui alichopenda.
Najua alichokiona.)

Timu ya mpira ya kampuni: kurasa arobaini.
Goli moja peke yake lina kurasa tatu, pamoja na mvua yake.

Kisha ukurasa wa themanini na nane.
Mwaka ule majirani waliambiwa kwao si hapa.
Akina Mbuyamba, waliopakana naye ukuta,
walikaa stesheni, sijui wiki ngapi, wakingoja gari-moshi
la kwenda "kwao", mahali ambapo watoto wao
hawakuwahi kulala hata usiku mmoja.
Kisula anaandika:
"Waliondoka. Cherehani ya Mama Ntumba ilibaki kwetu."
Aya mpya. Mpira tena.

Penseli ilinitangulia.
Iliandika pambizoni: Mwizi.
Herufi tano, na karatasi karibu itoboke.

Nikainuka. Nikala bukari wa mchana na kapenta, vimepoa.
Nikarudi.

Kitabu hiki hakikuletwa kwangu na pingu.
Hakuna hakimu aliyenituma, sina faili,
sikumsikia Mama Ntumba, wala sijui
kama alisema "nitunzie" au hakusema kitu.
Nilichonacho ni sentensi mbili
na mwanya ulio kati yake.

Basi nafuta. Raba inaacha kovu la kijivu.
Naandika: "Hapa mwandishi aliyetupa mvua ya goli moja
anatunyima sauti ya mlango wa jirani ukifungwa.
Msomaji anafika stesheni na kukuta sentensi imeshaondoka."
Hilo naweza kulisimamia. Limo kwenye karatasi.

Lakini je, si neno lile lile
limevalishwa suti?
Naligeuza kwenye mwanga wa tochi. Sina hakika.
Huenda haki ni ndogo hivi tu: kumwambia mtu
kitabu chako kinachechemea mguu huu,
bila kumuuliza aliumia wapi,
au alimkanyaga nani.

Na kuna jambo jingine, naliongeza saa sita usiku:
angeweza kuiacha cherehani nje ya kitabu.
Nani angejua?
Ameiweka mwenyewe, nusu ameifunika,
kama mtu anayeficha ufunguo
akitaka uonekane.

Ijumaa. Mhariri anahesabu maneno kwa ncha ya kalamu.
"Mbona hujasema huyu ni mtu wa namna gani?"
Nasema sikuulizwa.

Sikumwambia hili, na kwenye tahakiki halimo:
mtaa wetu ulikuwa ule ule.
Sare yangu ya kwanza ya shule,
blauzi nyeupe, sketi ya buluu,
mke wa Kisula aliishona, kwa bei ya ujirani.
Mama aliisifu mbele ya wageni.
Mshono ulikuwa mnyoofu.
Haukufumuka hata siku moja.