Herufi Arobaini

Kuze, ghorofa ya pili, tableti magotini.
Swali la kumi na nne: maji mwayapata wapi?
Bi Mwanatumu akatua kikombe:
zamani kisima cha msikiti, kabla hakijaingia chumvi,
kisha Katana wa mkokoteni, aliyenikopesha madumu
Ramadhani nzima,
akafa hajalipwa.
"Deni hilo, mwanangu, nikitawadha nalisikia likichuruzika."

Nikafupisha. Kisanduku kikafunga mlango:

Wa mkokoteni. Alinikopesha, akafa hajali

Nikagonga, nikagonga. Arobaini zimetimia.
"Nisomee," akasema.
Nikasoma, na ile *pwa* nikaitia kwa mdomo,
taratibu, kama maji yatokavyo Kilindini.
"Ndivyo," akaitikia, akanimiminia kahawa.

Nikabonyeza Tuma.
Huko yaendako, marehemu hajali.