Bwelasuti ya Kundaeli

Aikande aliileta ndani ya mfuko wa rambo,
imejikunja kama mtu aliyelala kwa baridi.
"Fundi, nataka jampsuti. Ya sendofu. Jumamosi."
Nikaitandaza juu ya meza ya kukatia:
buluu iliyopauka mpaka ikafanana
na anga ya Moshi saa nne, mlima ukishajifunika.
Mgongoni, herufi za kiwanda cha kukoboa kahawa,
nusu yake zimeliwa na sabuni ya mche.

Kundaeli. Nilimfahamu.
Alipita mbele ya kibaraza hiki kabla ya king'ora,
shati na suruali vimeshikana kiunoni
kama mtu asiyependa neno lake ligawanywe.

Nguo hii ina ukoo, nikamwambia, natafuta mkasi.
Iliwavaa waliotambaa ndani ya mabwela kukwangua masizi.
Ikapanda ndege na warukaji wa miavuli,
ndiko lilikotoka hilo jina mnalolipenda.
Vita vikawabeba wanaume wa Ulaya,
wake zao wakaivaa viwandani,
na amani iliporudi
wapo waliokataa kuivua.

Hapa kwetu niliishona mwaka wa bugaluu,
ningali najifunza kukanyaga cherehani:
ya Namsifu wa Majengo, kitambaa cha kumeremeta,
miguu mipana kama kengele za usharika.
Vijana wa chama wakamngoja mlango wa dansi.
Wakaichana mpaka magotini.
Akarudi ndani, akacheza hivyo hivyo,
vitambaa vinapepea.

Binti akacheka. Hakuamini.
Sikumlazimisha.

Uzi wa kiwandani haufumuki kwa upole.
Mfuko wa kifuani ulinipa ganda la kahawa,
kipande cha penseli kilichotafunwa,
na stakabadhi ya ada: Aikande K., darasa la tano,
imelipwa nusu.
Nikaiweka chini ya chaki. Akaiona.
Tukazungumzia zipu.

"Nyuma inapendeza," nikasema,
"ila ukibanwa na haja ukumbini
itabidi umwite shangazi."
"Mbele," akasema. "Kama ya baba."

Nikabana kiuno, nikaondoa mikono,
nikaweka mkanda wa kitenge cha manjano.
Doa la grisi kwapani lilishinda ndimu,
likashinda mafuta ya taa,
nikaliacha lishinde.
Goti la kushoto kulikuwa na kiraka,
mshono wa mkono, umekwenda upogo.
"Nikitoe?"
"Kiache."

Sendofu sikwenda; miguu yangu siku hizi inachagua.
Nasikia mzee mmoja wa kanisa aliuliza
kama bibi harusi amekuja kutengeneza jenereta.
Nasikia aliongoza mbwembwe zote za keki
mikono mfukoni.

Jumatatu mama yake akapanda kibaraza,
mfuko ule ule wa rambo kwapani.
Nikadhani ni habari ya fedha iliyobaki.
Akaketi kwenye benchi la wateja,
akaivuta ile jampsuti hadi gotini kwake,
akapitisha kidole juu ya kiraka.

"Niazime sindano," akasema.
"Nilikishona usiku, kwa kibatari, king'ora kinakaribia.
Miaka yote hii
nilikuwa nataka kukirudia."