Vidonge Arobaini na Kimoja

Oruro, mwezi wa Juni, maji yameganda bombani.
Nimeketi na daftari la dawa za bure,
glavu zangu zimekatwa vidole ili nishike kalamu,
na bajeti ya mwaka imekwisha, mwaka bado.

Bure ni neno la dirishani.
Huku nyuma ya dirisha kila kidonge kina bei,
kina lori lililopanda mlima, kina ushuru,
kina mtu anayengoja saini yangu.

Nimekata nilipoweza.
Dawa ya presha yenye jina la kifahari nimeiondoa,
nikamweka ndugu yake asiye na jina: kazi ile ile,
bei robo. Daktari Quiroga alininunia siku tatu.
Zamani tulitoa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo;
sasa ni mwezi mmoja mmoja,
na wazee wa mgodini, wenye vumbi mapafuni,
hupanda basi mara tatu
kufuata walichokuwa wakikipata kwa safari moja.
Akiba hiyo nimeiandika kwa wino wa buluu.
Nauli yao sikuiandika popote.

Insulini sijaigusa.
Kila Jumatatu nafungua jokofu, nahesabu, nafunga,
kama mdaiwa apitaye mbele ya duka.

Leo asubuhi amekuja Casimira Huarachi, mjane wa wiki mbili.
Amefungua kitita cha rangi alichobeba mgongoni:
ndani kopo la maziwa, ndani ya kopo vidonge.
"Vya Teodosio," akasema. "Nasikia mnapungukiwa."

Kanuni naijua, niliiandika mimi:
kilichotoka hakirudi kabatini, huchomwa.
Nikamweleza. Akanitazama
kama mtu aonaye chakula kikimwagwa.
"Basi vihesabu tu. Nijue nimerudisha."

Nikavihesabu mbele yake, viwili viwili.
Arobaini na kimoja.
Nikarudia, maana tunatoa thelathini,
na mara ya mwisho alichukua siku tisa kabla ya kufa.

"Alikuwa akiruka," akasema Casimira.
"Leo anakunywa, kesho anaacha.
Ili vidumu. Basi ni ghali."

Alisema hivyo bila kunilaumu,
akakunja kitita chake, akaniombea heri ya kazi.

Tanuri la hospitali huwashwa Ijumaa.
Leo ni Jumatano.
Kopo liko mezani, kando ya kikokotoo.
Nimefungua ukurasa wa akiba,
wino umeganda;
naipasha kalamu kwa pumzi.