Mpangaji Hapandi

Tulihama Kenya mara mbili, Katuba mara tatu,
kila mara miti ikitangulia juu ya pusupusu,
sahani zikifuata, watoto nyuma na godoro.
Wenye nyumba hawakutaka jembe uani.
"Mpangaji hapandi," alisema Baba Kyungu,
"mpangaji anaweka."

Basi tukaweka.
Mchungwa ndani ya pipa la mafuta lililokatwa nusu,
mlimau ndani ya ndoo ya rangi,
na mchenza, yule mkorofi, ndani ya sufuria
iliyotoboka mwaka wa harusi yetu.

Miaka kumi na minne.

Sasa kiwanja ni chetu. Karatasi ziko ndani ya bati la biskuti,
na mvua ya kwanza ya Novemba imelainisha udongo,
ule mwekundu, unaoshika viatu kama mdai.

Mujinga akatia alama ya chaki kwenye kila shina:
upande uliozoea jua la asubuhi
uendelee kuliona jua la asubuhi.
"Mti nao hupotea," alisema, "ukigeuzwa."

Nikachimba. Upana mara mbili ya pipa,
kina kisizidi kina cha pipa,
maana mti uliozikwa shingo huozea shingoni.
Nikachanganya udongo wa kichuguu na samadi
ya mbuzi wa jirani Mwape, aliyekuja kutazama
akabaki kuamuru.

Pipa lilikataa.
Tukalilaza, tukaligonga kwa visigino,
mwishowe nikalipasua kwa patasi na nyundo,
na hapo ndipo tulipoiona:
mizizi imezunguka, imezunguka,
imejisokota kama ngata ya mbeba maji.
Pipa limetoka na pipa bado lipo,
la mizizi.

Mwape akatoa kisu. "Kata."
Mkono wangu ukasita. Mizizi ile imekunywa maji
ya nyua tano, maji ya bomba linalokohoa saa nane za usiku,
mtu akiamka na beseni.

Mujinga akakichukua kisu yeye.
Akachana pande nne, juu hadi chini,
bila neno, kama anayefumua mshono
wa nguo iliyombana mtoto.

Wiki mbili majani yalining'inia.
Machungwa machanga yakadondoka, nikayahesabu: saba.
Nilimwagilia, nikanyamaza, nikamwagilia.
Siku ya kumi na tisa, kwenye kitawi kilichoelekea reli,
jani. Dogo. Linang'aa kama limepakwa mafuta.

Niliingia ndani kumwita.
Alikuwa amepiga magoti, ameishika ile sufuria,
anaisugua kwa mchanga, tundu na yote.
"Ya nini tena?"
"Huwezi kujua," akasema.

Na sanduku lake liko palepale chini ya kitanda,
nguo zimekunjwa ndani, viatu juu,
kamba imefungwa mara mbili.

Sikusema kitu.
Kisu tulisharudisha kwa Mwape.
Nikamshika mkono tu, tukatoka kuona jani.